Minza Wawili, Faili Moja

Jumatatu, 2 Juni 2025

Leo nimecheka mpaka mbavu zinauma. Acha niandike kabla sijasahau.

Nimekwenda zahanati ya masista, hapa njia ya Kwihara, kuchukua vidonge vya presha. Kumbe kompyuta zao sasa zinaongea zenyewe kwa zenyewe! Nesi Julieth katutangazia pale barazani: ukitibiwa Nzega, Tabora wanaona. Ukichomwa sindano Sikonge, Igunga wanajua. Hakuna tena kubeba madaftari yaliyolowa jasho. Nikasema kwa sauti, basi huo ni umbea wa kisasa. Watu wakacheka.

Zamu yangu ikafika. Lile dirisha halina siri, anayekaa benchi anasikia yote. Julieth akainama, akauliza kwa sauti ya chini: bibi, mbona miaka yote hukuniambia una kifafa?

Kifafa! Mimi!

Nikawageukia watu. Jamani njooni msikie, kompyuta inasema Minza ana kifafa! Mtani wangu mzee Saidi alikuwepo, kaja kutibiwa mguu wake. Yule Mzaramo haoni mlango wa utani akaupita — babu zetu walitukanana njia nzima toka pwani na mizigo kichwani, sisi tunamalizia. Akasema si ajabu, Wanyamwezi mlibeba pembe za tembo mpaka ubongo ukalegea. Nikamwambia ngoja basi nikuonyeshe.

Nikajilaza pale kwenye saruji, na umri wangu huu! Nikakaza vidole. Nikageuza macho. Miguu nikaipigapiga, nikatoa na mate kidogo. Kina mama walishikana wasianguke. Mzee Saidi alitoa machozi, akaomba nimhurumie, ana ngiri.

Julieth hakucheka. Kaniinua, kanipangusa vumbi mgongoni, kasema basi bibi, inatosha. Akasema inaonyesha dawa ulichukua Ipole mwezi uliopita. Nikamwambia Ipole nifuate nini, asali? Iambie kompyuta yako ikalale, imechoka.

Nimerudi nyumbani bado nacheka peke yangu njiani kama mwehu.

Jumanne, 3 Juni

Nilikuwa nabangua karanga. Mkono ukasimama wenyewe.

Ipole.

Nani wangu yuko Ipole?

Somo yangu yuko Ipole. Minza mdogo, mjukuu wangu, anafanya kazi kwenye kiwanda kidogo cha asali.

Mimi ni Minza Ngollo Masolwa. Baba yangu Ngollo, babu yangu Masolwa. Nikaolewa na Masolwa mwingine, marehemu mume wangu. Kijana wetu tukampa jina la baba yangu, Ngollo. Naye Ngollo alipopata binti akanirudisha mimi, kama tunavyofanya siku zote. Minza. Minza Ngollo Masolwa, mzima mzima! Siku ile nilichinja kuku. Tulisema jina halitapotea.

Halafu hii laini yangu ya simu ni yeye aliyeninunulia, na kila anapoandikishwa anataja namba hii, kwa sababu yake hubadilika kila mara. Na kijiji anataja hiki, ndiko kwao. Sasa kompyuta ifanyeje? Imeona jina moja, simu moja, kijiji kimoja.

Kwa hiyo kifafa ni cha mtoto wangu. Na mimi jana nimekilalia sakafuni mbele ya watu nikakitolea mate.

Mchana sijala. Michembe yangu ya viazi imelala kwenye sufuria.

Jioni nikampigia. Mimi sijui kuzunguka. Nikasema somo, una kifafa? Nasikia tu mashine ya kukamulia asali inazunguka. Akauliza, nani kakwambia? Kompyuta, nikasema. Akazima mashine.

Akasema ni mwaka wa pili sasa. Mara ya kwanza alianguka chumba cha kuchujia, Eliya ndiye aliyemshika kichwa kisigonge. Eliya mchumba wake, mfuga nyuki, mtoto wa Kimoraviani, katulia kama maji ya mtungi. Anajua, na bado anataka kuoa. Asiyejua ni mama yake, Agnetha. Huyo mama alishasema mbele ya somo yangu, akimsengenya binti wa jirani, kwamba kifafa hakitaingia kwenye ukoo wake akiwa hai. Na posa inaletwa asali ikishauzwa.

Kwa hiyo mtoto anameza vidonge vyake kimya kimya. Akimeza kila siku haanguki. Hilo sikulijua — kwamba kuna vidonge na mtu haanguki!

Mwisho akaniuliza: na wewe ulimjibu nini nesi?

Nikasema nilimwambia amekosea.

Basi. Hivyo tu nikasema. Nimemdanganya mtoto aliyenifundisha kuandika. Mimi shule sikuiona, nilimwona yeye. Alipoanza darasa la kwanza ndipo na mimi nikashika kalamu, mkeka mmoja, yeye mwalimu mimi mwanafunzi, ananichapa vidole nikikosea “ng'o”. Hii herufi ninayoandika sasa ni yake. Naona haya hata kuiandika.

Alhamisi, 5 Juni

Nimerudi zahanati. Nia ilikuwa kusafisha. Maneno nilikuwa nimeyapanga: Julieth mwanangu, si mimi, majina yamefanana, rekebisha.

Baraza limejaa. Sijafika hata benchi, mzee Saidi kashaanza — huyo anakuja, mshikeni, leteni kijiko! Vicheko. Mama mmoja akasema bibi turudie basi, wengine juzi hatukuwepo.

Ndipo nikaelewa. Nikisema si changu, swali linalofuata ni moja tu. Cha nani? Na hapa nani hajui kwamba Minza Ngollo tuko wawili?

Nikafika dirishani. Julieth akasema afadhali umekuja bibi. Kuna mafaili mawili yanafanana, mashine inaniuliza kama ni mtu mmoja au wawili. Nijibu nini?

Hapo. Hapo ndipo nilipoona pa kutengenezea.

Nikasema kwa sauti, baraza zima lisikie: ni mtu mmoja. Ni mimi. Kifafa ni changu, juzi nilifanya mzaha kuficha aibu.

Vicheko vikakatika kama umeme.

Julieth kaniangalia. Bibi, faili la pili lina mwaka wa kuzaliwa wa mtu mdogo. Nikasema walikosea, lini mmewahi kupatia mwaka wangu ninyi? Akasema nikibonyeza hapa yanaungana, na kuyatenganisha si kazi ya hapa, una hakika? Nikasema bonyeza. Akasita. Bonyeza mwanangu, watu wanasubiri!

Akabonyeza.

Nikaingia kwa daktari. Akaangalia presha, akaangalia umri, akasema hii dozi ya Ipole ni kubwa kwako mama, utalewa utavunjika nyonga. Akaipunguza. Nikatoka na kimfuko cha vidonge vya kifafa.

Mzee Saidi alinisindikiza mpaka njia panda, hakutania hata neno. Akasema mtani wangu nisamehe, sikujua. Mzee wa watu macho chini. Nikamwacha na aibu ambayo si yake.

Lakini nilitembea kifua mbele. Nilijiona nimembebea somo yangu mzigo.

Jumapili, 8 Juni

Jumuiya leo ilikuwa kwa Apolinaria, jirani yangu. Tumesali, tumeimba, chai ikaja. Vikombe vyote vya bati, vya buluu. Changu cha plastiki. Kimewekwa pembeni, peke yake, juu ya kisahani.



Nikainuka kwenda jikoni kugeuza maandazi kama siku zote. Apolinaria kanishika mkono. Mama, kaa mbali na moto, wewe pumzika tu. Kwa upole! Ule upole ndio ulionichoma. Angenitukana ningejua pa kumshika. Huyu nimemzalisha mimi, watoto wake wote walitua kwenye mikono hii.

Kwenye mkeka pande zangu zote mbili palikuwa wazi. Wakati wa kuondoka mama mwingine kanipa mizizi kwenye gazeti, kaninong'oneza niwe nakula peke yangu kwa sasa, mate yanaambukiza.

Na hawa hawa Jumatatu niliwavunja mbavu.

Sasa ndiyo najua anachokiogopa somo yangu. Siyo kuanguka.

Chai niliinywa yote. Nikawashukuru.

Jumatano, 11 Juni

Somo kapiga asubuhi. Bila shikamoo. Yule mtoto hajawahi kuruka shikamoo yangu hata akiwa na homa.

Alikwenda kituo cha afya cha kule kuchukua vidonge. Mhudumu, kijana anaitwa Godbless, kafungua kompyuta, kamwambia dada, dawa umeshachukua Tabora wiki iliyopita. Somo akasema sijatoka Ipole. Kijana akasoma tena. Akasema na una presha. Na una miaka sabini na moja! Watu nyuma wakaguna. Karudi mikono mitupu.

Nikamwambia usihofu, vidonge ninavyo mimi! Leo leo vinapanda basi la Sikonge, na kila mwezi nitachukua nitatuma. Nikaona nimelimaliza.

Akauliza: wewe umevipataje?

Nikamweleza. Ya Alhamisi yote. Ya Jumatatu nikairuka.

Halafu akasema, bibi, ile ya kugaragara nilishaisikia.

Kuna mama wa pale barazani ana shemeji muuza asali. Kicheko changu kilifika Ipole kabla sijajua nilichokicheka. Na aliyemsimulia somo yangu ni nani? Agnetha! Mama mkwe mtarajiwa. Alikuja kiwandani wiki iliyopita anacheka, eti bibi yako ana vituko, nasikia alilala chini akajifanya mwenye kifafa mpaka mate. Na somo akacheka naye. Angefanyaje? Alisimama pale na ndoo ya asali, akacheka.

Jana Agnetha karudi. Safari hii hacheki. Kasikia bibi mwenyewe amekiri. Akamuuliza Minza: kwenu kinarithiwa?

Ni mimi huyo. Mimi! Mdomo huu!

Nilidhani nambebea. Kumbe nimekichukua kutoka kwa mtu mmoja nikakipaka ukoo mzima. Kabla yangu alikuwa na siri ndogo, inaingia kwenye mfuko wa sketi. Sasa ina bibi, ina ukoo, ina kijiji.

Akasema tuma hivyo vidonge, sina vingine. Akakata.

Nimevituma. Kondakta nimemwapiza kwa jina la mama yake.

Jumamosi, 14 Juni

Eliya kapiga. Nilipoona si sauti ya somo nikakaa chini.

Kaanguka jana. Walikuwa wanayeyusha nta. Sufuria ikaja naye. Mkono wa kushoto, toka kiwiko kushuka.

Yuko hai. Anaongea. Niandike tena: yuko hai.

Eliya anasema walimkimbiza kituoni, hajitambui. Nesi wa zamu akafungua faili ajue ampe nini. Faili likasema mzee wa presha. Wakaanza kutafuta habari za presha, wakaogopa kumpa dawa ya kumtuliza, eti kwa umri huo moyo unaweza kukataa. Eliya akapiga kelele — mwangalieni! Mwangalieni usoni, huyu ana miaka sabini? Ndipo Godbless akaifunika ile kompyuta, wakamtibu kama wanavyomwona.

Halafu akaniambia lingine, kwa adabu, kama anaomba radhi yeye. Bibi, vile vidonge ulivyotuma. Ni nusu ya nguvu ya vile vyake.

Ni vile daktari alivyopunguza. Kwa ajili ya nyonga yangu!

Nimemwangusha mimi. Sina namna nyingine ya kuandika.

Nilikwenda zahanati nikiwa na ndala moja ya buluu na moja nyekundu, nimekuja kuziona baadaye. Barazani walikuwepo wale wale. Sikungoja dirisha. Nikasema nilidanganya. Kifafa si changu. Julieth, mwanangu, nimekudanganya, na mtu ameumia.

Julieth kakaa. Akasema tu, bibi, nilikuuliza. Hakupandisha sauti. Akapiga simu mjini, akaongea na watu wa mfumo, akarudi. Anasema kutenganisha inawezekana, ila lazima tufike wote wawili, pamoja, na vitambulisho, pale faili la mwenzangu lilipofunguliwa. Ipole.

Mzee Saidi akauliza pole pole, sasa mtani, ni cha nani?

Nikamwambia ni cha mtu ambaye hakunituma nimtaje. Wote wakatazama chini. Wameshajua. Nimeona midomo yao ikilitaja bila sauti. Kwa nini wasijue? Ni jina langu.

Jumatatu, 16 Juni

Nimefika Ipole. Basi mpaka Sikonge, halafu pikipiki, vumbi mpaka kwenye kope. Eliya kanipokea, kabeba kikapu, kanionyesha mlango, mwenyewe kabaki nje anachonga mzinga usiohitaji kuchongwa.

Somo kakaa kitandani. Mkono umefungwa bandeji mpaka vidoleni. Shikamoo ilitoka nusu. Nikaweka karanga karibu yake. Hakuzigusa.

Nikasema somo, nimekuja tutenganishwe. Kacheka kwa pua. Tutenganishwe! Ungeniuliza kwanza kama nilitaka kuunganishwa.

Nikaanza kulia. Akasema usilie bibi. Ukilia nitakubembeleza, na leo sitaki kukubembeleza.

Nikajifuta macho.

Halafu akasema, nionyeshe.

Nikuonyeshe nini?

Ulivyofanya. Barazani.

Nikasema siwezi. Akasema mbona kwa watu uliweza? Vidole ulivikaza hivi? Macho uliyapeleka wapi? Mate yalitoka upande gani? Nikasema mwanangu nipige, nipige tu yaishe. Akasema sikupigi, nakuuliza. Mimi sijawahi kujiona, bibi. Naamka tu, ulimi unauma, nguo zimelowa, watu wamenizunguka wananiangalia kama wameniona uchi. Eliya nikimuuliza anasema ilikuwa kidogo tu. Hakuna aliyewahi kunionyesha. Wewe umewaonyesha watu wote wa njia ya Kwihara, mimi hujanionyesha.

Nikashuka sakafuni. Nilitaka kumtii, Mungu ananiona. Nikanyoosha miguu. Mwili ukakataa. Vidole havikukunjika. Nikabaki pale nimekaa kama furushi la nguo za kufua.

Nikamwambia: sijui inakuwaje. Nilibuni. Nilifanya kinachochekesha.

Kaniangalia sana. Akasema, basi uliyewaonyesha siyo mimi.

Akageukia ukutani.

Nilikaa pale chini sijui muda gani. Nje Eliya anachonga tu, ko, ko, ko. Baadaye somo akasema, bila kugeuka: bibi, panda huku, sakafu ina baridi.

Nikapanda. Nimelala nyuma yake kama alivyokuwa mdogo. Sikumgusa mkono. Naandikia hapa hapa kitandani, kafumba macho, sijui kama amelala.

Jumanne, 17 Juni

Niko kwenye benchi la kituo. Naandikia magotini, herufi zinaruka.

Tumeingia wote wawili. Godbless ni kijana mpole, bahati mbaya ana sauti ya kuita ng'ombe. Akauliza, Minza ni nani? Tukajibu pamoja. Akashika kichwa. Somo akataka kucheka — nilimwona! — akajizuia.

Akatuuliza mmoja mmoja. Umezaliwa lini, mama yako nani, unaumwa nini. Mimi nikasema presha na magoti, basi. Ikafika zamu yake. Nikafungua mdomo nimsaidie. Akanitazama. Nikaufunga. Akasema mwenyewe, sauti ile ile ya kuagizia chumvi: kifafa. Mwaka wa pili.

Godbless akaandika, akapiga simu mjini, wakasomeana namba, akabonyeza. Akasema tayari, sasa ni watu wawili, na simu kila mtu na yake. Kimeondoka kwangu kimerudi kwake. Nikajisikia mwepesi. Halafu nikauonea aibu ule wepesi.

Daktari kamwita. Nikainuka naye. Akasema kaa bibi, hiki ni changu. Mlango akaufunga.

Nimekaa.

Sasa yamenikuta. Agnetha kaja. Mgongo unamsumbua, ndivyo alivyosema, ila macho yake yalinitafuta mimi tangu getini. Shikamoo mama. Marahaba mwanangu. Kakaa benchi langu — kaacha nafasi ya mtu mmoja katikati. Kasema pole na safari. Kasema nilisikia habari zako. Kisha kaniuliza: Eliya ananiambia Minza kaungua na nta tu. Bandeji wanabadilisha kule dirisha la pili, mama. Huku ni kwa daktari. Humo ndani kaingilia nini?

Nikafungua daftari. Nikamwambia subiri mwanangu, naandika kitu nisije nikasahau.

Sina cha kusahau. Naandika ili mdomo usifunguke. Nikisema ni mimi mgonjwa, nimekirudisha kwenye ukoo. Nikisema si mimi, nimemtaja. Nikisema sijui — Agnetha si mjinga. Maisha yangu yote nimesema kinachokuja, watu wakanipenda kwa hilo. Leo vimekuja vyote vitatu na nimevimeza.

Kauliza tena. Mama, nakuuliza kwa heshima. Mimi ndiye nitakayekula naye sahani moja.

Ana haki ya kuuliza. Hilo nalo linanitesa. Si mbaya huyu mwanamke. Anaogopa, kama Apolinaria, kama mimi ningeogopa Jumatatu ile kama ningemwona mgeni akianguka.

Anasogea aone naandika nini. Nimeweka kiganja juu.

Mlango umefunguka. Somo anatoka. Kwenye mkono mzima kashika dawa, kile kimfuko cha nailoni kinachoonyesha kila kitu. Kamwona Agnetha. Nimemkonyeza — weka ndani ya kitenge, haraka!

Hakuweka.

Anakuja huku huku. Shikamoo mama, kasema. Agnetha hajaitikia, anaangalia vidonge. Somo kakaa katikati yetu, pale pale palipoachwa wazi, vidonge mapajani. Kamgeukia mama mkwe wake, bado hajasema. Kanishika kiwiko kwanza. Anasema bibi, weka kalamu chini, na leo usinisaidie.